Ilikuwa kazi: niliyosema Pasua siku ya kukabidhi magoli

Jumamosi ile nilipokabidhi magoli niliyoyachomelea kwa ajili ya uwanja wa vijana wa Pasua, hapa Moshi, mvua iliwazuia wengi, na wengine walikuwa bado wako barabarani wanatoka Dar kuja kula Krismasi nyumbani. Tangu siku hiyo simu hazijakoma: ulisema nini pale uwanjani? Basi nimeyaandika yote, kama nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu mliokaa pale chini ya mwarobaini, shikamooni. Mwenyekiti wetu wa mtaa, makocha, wadogo zangu mlioketi kwenye nyasi na daluga zenu miguuni, habari za jioni.

Mwalimu wenu aliponipigia simu akiniomba nije kuzungumza kama mchezaji wa zamani, nilimwambia atafute mtu aliyecheza Simba au Yanga, mtu ambaye watoto watamtambua. Akanijibu, "Hao watoto wameshawasikia. Njoo wewe." Nililala na lile neno. Nilipoamka nikaona ana haki.

Wadogo zangu, habari za Mbwana Samatta mmezikariri. African Lyon, Simba, TP Mazembe, ubingwa wa Afrika mwaka 2015, Genk, halafu Aston Villa. Machi 1, 2020, Wembley, fainali dhidi ya Manchester City, akaruka na kichwa, nyavu zikatikisika. Nani hapa halijui bao lile? Anyooshe mkono. Naona hakuna.

Sasa niwaulize la pili. Nani anamjua mshambuliaji aliyecheza misimu minne Daraja la Kwanza, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, mechi 41, mabao 13, akaumia goti akiwa na miaka 25, akarudi nyumbani? Mnanitazama. Ndiyo, ni mimi. Lakini siko peke yangu. Hapa Pasua tu naweza kuwahesabia wenzangu sita. Mnapanda bodaboda zao. Mnanunua kwao nyanya pale Mbuyuni. Mnapita mbele yao kila siku na hamjui kwamba yule aliwahi kuvaa jezi namba tisa, akaimbwa jina lake na watu elfu tatu.

Kwa nini hamjui? Kwa sababu hawasemi. Na kwa nini hawasemi? Kwa sababu tumewafundisha kwamba mpira una milango miwili tu: Ligi Kuu au aibu. Hakuna anayewaambia kwamba kati ya milango hiyo kuna chumba kikubwa, na wachezaji wengi kuliko wote wanaishi humo humo. Wanaingia na miaka 20, wanatoka na miaka 25. Mimi nimeishi humo. Nimekuja kuwaeleza kulikuwaje, na nina neno moja ambalo nitalirudia: ilikuwa kazi. Si bahati nasibu, si mchezo wa watoto, si ndoto. Ilikuwa kazi.

Niwaambie kazi yenyewe ilivyo.

Msimu mmoja tulipangiwa mechi Songea. Kutoka hapa Moshi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Tuliondoka Alhamisi alfajiri, Korogwe, Chalinze, Morogoro, Iringa, tukafika Makambako usiku, tukalala kwenye magodoro sakafuni, watu wanane chumba kimoja. Ijumaa tukaingia Songea. Jumamosi mchana tuko uwanjani.

Kila winga wetu wa kulia alipopata mpira nilikimbia kwenda nguzo ya kwanza, na kila mara krosi ilipita juu yangu ikaenda nguzo ya pili. Nakimbia, inapita. Narudi katikati, nakimbia tena, inapita. Mashabiki wakaanza kupiga kelele nitolewe, kwamba sionekani. Ni kweli sikuonekana, mpira wenyewe niliugusa mara chache mno. Dakika ya 78 winga akachoka, akapiga krosi mbovu, ya chini, dhaifu, ikaja nguzo ya kwanza. Nilikuwepo. Beki hakuwepo, kwa sababu beki alishazoea kwamba mpira hauji huku. Nikaugusa na ndani ya mguu, bao, moja bila. Bonasi yangu ilikuwa shilingi 20,000.

Wadogo zangu, mnaona bao. Mimi naona zile mbio zote ambazo hazikuzaa kitu. Kazi ya straika ni zile mbio. Kwenda mahali pale pale, kwa kasi ile ile, huku ukijua kwamba pengine hauji. Ukikimbia mara kumi na tisa ukaacha ya ishirini, huna kazi. Na kocha, nakuomba uwaambie vijana hawa: anayekimbia bila mpira anafanya kazi. Mpigie makofi kabla hajafunga.

Sasa sikilizeni hesabu. Misimu yangu mingi Daraja la Kwanza, hii ambayo tangu 2021 mnaiita Championship, ilichezwa kwa makundi matatu, timu nane kila kundi. Maana yake mechi 14 kwa msimu. Mechi 14! Ukifungiwa mechi mbili kwa kadi, ukaumia kifundo cha mguu wiki tatu, umebakiwa na mechi tisa za kuonekana kwa mwaka mzima. Leo wenzenu wana timu 16 na mechi 30, wanaonekana zaidi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mlango wa juu haukupanuka. Timu mbili zinapanda moja kwa moja, nyingine zinapigania mchujo.

Na huko juu kiti cha namba tisa kinabana. Msimu wa 2021/22 kinara wa mabao Ligi Kuu alikuwa Mtanzania, George Mpole wa Geita Gold, mabao 17. Misimu mitatu iliyofuata? Mayele wa Kongo na Ntibazonkiza wa Burundi, 17 kila mmoja. Kisha Aziz Ki wa Burkina Faso, 21. Kisha Ahoua wa Ivory Coast, 16. Na hawa wawili wa mwisho ni viungo, si mastraika. Siwasemi vibaya hata kidogo, ni wachezaji wakubwa na wametufundisha mengi. Nawaonyesha tu ukubwa wa mlango. Sisi wa Kilimanjaro tuliiona Polisi Tanzania ikicheza Ligi Kuu kuanzia 2019, tukijaa pale Ushirika, na 2023 ikashuka. Uwanja mkubwa wa AFCON ya 2027 unajengwa Arusha, kilomita 80 kutoka hapa, na najua kila mmoja wenu usiku anajiona amesimama katikati yake. Jione. Sikuzuii. Lakini nataka ujue kwamba njia ya kwenda huko inapita ndani ya kile chumba, na wengi watakaa humo maisha yao yote ya mpira.

Kila ninaposema hivi kuna kijana ananitajia Jamie Vardy. Naona wewe pale umeshafungua mdomo. Sawa, tumtaje. Aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16. Akacheza Stocksbridge, ligi za chini za Uingereza, akilipwa pauni 30 kwa wiki. Leicester walimnunua 2012 akiwa na miaka 25, na 2016 akawa bingwa wa Uingereza. Yote ni kweli. Lakini je, mmewahi kuuliza alikula nini miaka ile ya pauni 30? Alikuwa anafanya kazi kiwandani, wakitengeneza vifaa vya kufungia viungo vya wagonjwa. Asubuhi kiwanda, jioni mpira. Mnaponitajia Vardy, nitajieni na kile kiwanda.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo limenitoa nyumbani leo. Wazazi wangu, hapa naomba mnisikilize kuliko watoto.

Nilisaini mkataba wangu wa kwanza nikiwa na miaka 21. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli ndogo, kuna soda mezani, kiongozi mmoja wa timu akanipa karatasi tatu na kalamu. "Saini hapa. Na hapa. Na hapa." Nikasaini. Fedha ya usajili milioni moja na nusu, mshahara 300,000 kwa mwezi. Nilipiga picha na ile kalamu. Nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kifua, nikamwambia mama. Mama yangu aliishia darasa la saba, maisha yake yote ameuza ndizi. Aliuliza swali moja tu: "Karatasi yako iko wapi?"

Nikamwambia viongozi wanayo.

"Sikuuliza ya viongozi. Nimeuliza yako."

Sikuwa nayo. Misimu minne yote sikuwahi kuwa nayo. Mshahara ulikuja miezi ya kwanza, kisha ukaja nusu, kisha ukaja maneno. Msimu wa tatu nilikaa miezi mitano bila mshahara. Tulikuwa tunaishi kwa posho ya kambini, na ukiuliza unaambiwa, "Wewe funga mabao, hela zitakuja." Nifunge mabao! Mwalimu wa shule akidai mshahara wake, nani anamwambia kwanza afaulishe wanafunzi? Nesi je? Kwa nini mchezaji? Kwa sababu mioyoni mwao haikuwa kazi. Na mioyoni mwetu sisi wachezaji haikuwa kazi pia, ndiyo maana tulinyamaza.

Sikilizeni maneno haya, maana yameandikwa. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya kucheza. Mkataba wa maandishi, na malipo yanayozidi gharama. Kwa hiyo kama huna karatasi, au kama unalipwa nauli na chakula tu, wewe si mchezaji wa kulipwa, hata kama umesafiri na basi lenye jina la timu. Kanuni hizo hizo zinasema mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu. Mzazi, ukiletewa wa miaka mitano kwa ajili ya mwanao wa miaka 16, rudisha kalamu. Tena zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea eti mchezaji afaulu vipimo vya afya baadaye. Wakapime kwanza, ndipo wasaini. Na tangu Juni 2018 kuna ibara inayosema klabu ikikaa na mishahara yako miwili ya mwezi isivyo halali, unaiandikia barua, unaipa siku zisizopungua 15 ilipe yote, na isipolipa una sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Barua, jamani. Si kulalamika kwa kipa usiku kambini. Barua, yenye tarehe, na nakala yake ubaki nayo. TFF, shirikisho letu la soka, ina kamati ya kushughulikia hadhi za wachezaji, peleka huko, lakini peleka na karatasi. Mimi ningekwenda na nini? Na picha ya kalamu?

Hapa nyumbani pia tuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya ajira yako kwa maandishi unapoanza kazi. Kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Kwa mshahara wangu wa 300,000 hiyo ni 60,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 48. Ni 2,880,000. Fedha hiyo ingekuwa imekaa kwa jina langu siku niliyorudi Pasua nikichechemea. Baadaye nitawaambia mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea niliipataje, na mtaelewa kwa nini namba hii haitoki kichwani mwangu. Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Huo anachangia mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na ni kwa ajili ya anayeumia akiwa kazini. Anayeumia akiwa kazini! Je, goti la straika huumia wapi, kama si kazini?

Makocha na viongozi wa timu za mtaani, kwenu neno fupi. Sajilini watoto hawa kwa TFF mapema, na mtunze kumbukumbu. Mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ile fedha hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Timu isiyo na jina kwenye kumbukumbu haipati kitu. Nimemaliza hilo.

Sasa goti.

Ilikuwa Jumanne, mazoezini, Februari 2018. Uwanja mkavu, mgumu kama sakafu. Nilipokea pasi nikiwa nimegeukia goli letu, nikataka kugeuka kulia. Mwili ukageuka. Mguu ukabaki. Nikasikia kitu ndani kinasema pa, kama kijiti kikavu. Hakuna aliyenigusa. Beki aliyekuwa nyuma yangu alisimama mbali hatua tatu, akinyoosha mikono kuonyesha hakufanya kitu, na kweli hakufanya kitu. Ule ukano wa ndani ya goti ambao madaktari wanauita ACL, mara nyingi hukatika hivyo hivyo: bila kuguswa, unapogeuka ghafla au unapotua vibaya.

Jioni goti lilikuwa limejaa kama papai. Nikapewa barafu na bandeji, nikaambiwa nipumzike wiki mbili. Nikaenda kwa mzee mmoja anayechua viungo, akachua, nikalia, nikalipa. Wiki ya sita nikaona naweza kukimbia moja kwa moja bila maumivu. Nikajiambia nimepona. Kulikuwa na ndondo mtaani, wananilipa 15,000 kwa mechi, na mimi nilikuwa sijalipwa mshahara. Dakika ya ishirini hivi goti likachomoka na kurudi. Safari hii nilijua.

Daktari alikunja vidole vyake viwili vikapishana, akasema, "Ndani ya goti kuna kano mbili zimepishana hivi. Ya mbele imekatika. Na kwa kuwa umerudi uwanjani bila hiyo, umechana na gegedu." Nikamuuliza nitarudi lini. Akasema upasuaji, halafu mazoezi ya kurudisha nguvu si chini ya miezi tisa, ukifuata kila kitu. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Hakuna aliyenifukuza. Ulipoisha, simu hazikupokelewa tena, basi.

Upasuaji niliupata mwaka uliofuata kwa michango ya ukoo. Leo natembea vizuri. Napanda ngazi, nabeba mabomba. Kugeuka kwa kasi sigeuki.

Wadogo zangu, nawaambia haya si kuwatisha. Kuna kitu kinaitwa FIFA 11+. Ni mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kisha ya nguvu na kuruka na kusimama mguu mmoja, kisha kukimbia kwa kasi na kubadili mwelekeo. Hayahitaji kifaa zaidi ya mpira. Yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki, yamethibitika kupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Yalikuwepo tangu nikiwa kinda. Sisi tulikuwa tunazunguka uwanja mara tano, tunanyoosha miguu, tunaanza mechi. Kocha, najua muda wako ni mchache na mpira mmoja mnagombania watu thelathini. Hata hivyo nakuomba dakika hizo 20. Nakuomba kama mtu anayekuomba kitu chake mwenyewe.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nipe dakika chache, mwenyekiti, nimebakiza nyumbani.

Niliporudi nilikaa miezi mitano nikitoka usiku tu. Kwa nini? Kwa sababu mchana watu waliniita straika. "Straika, unarudi lini?" "Straika, tutakuona Yanga mwaka gani?" Walisema kwa upendo, najua. Kila salamu ilikuwa msumari. Nikawa napitia njia ya nyuma, nyuma ya migomba, ili nisipite dukani. Wazazi, mnafahamu kijana wa aina hiyo. Anazima simu. Anaanza kunywa mbege asubuhi. Mnasema mpira umemharibu. Mpira haukumharibu. Amebeba kitu ambacho hana jina lake.

Aliyenipa jina lake ni baba yangu mdogo. Yeye alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda hapa Moshi kilichokuwa kinashona magunia, na siku moja asubuhi wakakuta geti limefungwa. Alikuja nyumbani, akanikuta nimekaa gizani, akakaa karibu yangu. Akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa kazini. Kazi imeisha. Mimi kiwanda kilipofungwa nilirudi nyumbani nikala, nikalala, kesho yake nikatafuta nyingine. Hakuna aliyeniambia nimeshindwa magunia."

Hakuna aliyeniambia nimeshindwa magunia. Niliyarudia maneno hayo usiku kucha. Nilikuwa kazini. Miaka minne niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nililala sakafuni Makambako. Nilikwenda nguzo ya kwanza mara mia tano. Nilifunga mabao 13, na kila moja naweza kukuonyesha mpira ulipita wapi. Haikuwa ndoto iliyovunjika. Ilikuwa kazi, na ilikuwa na mwisho kama kazi yoyote, isipokuwa hii mwisho wake unakuja ukiwa na miaka 25 badala ya 60, na hakuna anayekufanyia hata sherehe ya kuagwa.

Baba mdogo wakati huo alikuwa na karakana ndogo ya kuchomelea. Nikaanza kumshikia chuma. Halafu nikasoma kozi fupi kwenye chuo cha ufundi cha VETA hapa Moshi. Mashine yangu mwenyewe niliinunua kwa kuuza pikipiki, ile niliyoinunua kwa fedha ya usajili. Ndicho kitu pekee kilichobaki kwenye mpira wangu, na leo kimekuwa mashine, grainda na mageti mengi ya watu wa Moshi. Kijana, siku ukipata fedha ya usajili, nunua kitu ambacho siku moja kinaweza kugeuka kuwa kitu kingine. Na soma ufundi au chuo ukiwa bado unacheza. Mechi ni moja kwa wiki, mazoezi ni saa mbili kwa siku. Sisi saa zilizobaki tulicheza karata kambini. Miaka minne ya karata! Pale ndipo ninapojuta. Kwenye mpira sijuti.

Wazazi, nina ombi. Mwanao akirudi na miaka 24 au 26, mguu umefungwa au mkataba haukuongezwa, usimuulize ulikosea wapi. Mpikie mtori. Mwambie pole na kazi. Ndivyo tunavyomwambia kila mtu anayetoka kazini, sivyo? Fundi anaambiwa pole na kazi. Mwalimu, dereva, mama anayetoka sokoni. Kwa nini mchezaji hatumwambii? Mimi nilisubiri mtu aniambie neno hilo, na aliyeniambia wa kwanza alikuwa mgonjwa mwenzangu wodini, mtu nisiyemjua.

Mkiniuliza kama ningerudia, nitawajibu bila kufikiri. Ningepanda lile basi la Songea leo hii, na mvua hii hii. Ila ningepanda na nakala ya mkataba wangu kwenye begi.

Nimalizie na haya magoli, maana ndiyo yaliyotukusanya. Upana ni mita 7.32 kutoka ndani ya nguzo hadi ndani ya nguzo, kimo mita 2.44 kutoka chini hadi ukingo wa chini wa mwamba. Nimepima mara tatu. Sheria inataka nguzo na mwamba visizidi unene wa sentimita 12, haya ni bomba la inchi tatu, yako ndani ya sheria. Sheria inataka yawe meupe, nayo ni meupe. Nyuma nimeweka vyuma vinne vya kushikilia, na vimeingia ardhini kwa zege. Nawaomba sana, asitokee mtu akayang'oa kuyahamishia kwingine na kuyasimamisha bila kuyafunga. Goli lisilofungwa ardhini likianguka linaua mtoto, limeshaua watoto katika nchi nyingi. Na asiwepo wa kuning'inia kwenye mwamba. Wewe uliyekuwa umening'inia wakati naingia, nilikuona.

Nyavu zimo kwenye ule mfuko wa kijani. Wa chini ya miaka 15 shikeni goli la upande wa barabarani, wakubwa nendeni lile la kule migombani, mfunge kuanzia kwenye pembe kuja katikati. Nguzo ya kwanza upande huu nilipaka jana jioni na mvua ikaiwahi, rangi bado haijakauka. Msiiguse mpaka kesho.